Nishani ya Ambokile

Jirani yetu Anyosisye alisema hivi: siku nishani ilipoletwa Mwaya, kaka yangu Hezroni hakungoja kuitwa. Aliwasukuma watu kwa viwiko, akafika mbele ya Mdachi, akatoa kifua, akasema, "Ambokile ndiye mimi, bwana, nipe changu." Karani akamwuliza mara tatu, naye mara tatu akaapa. Ndivyo Anyosisye alivyosema penye pombe kule Njisi, akasema tena kivukoni, na kila aliposema aliongeza kidogo. Mara ya mwisho nilipomsikia kwa masikio yangu, Hezroni alikuwa ameshapiga magoti na kubusu kiatu cha Mdachi.

Anyosisye hakuwapo. Siku ile alikuwa Makwale akitafuta ng'ombe wake aliyepotea, na ng'ombe mwenyewe hakumpata. Mimi nilikuwapo. Nilisimama hatua kumi kutoka meza ya karani, mikono ina udongo mpaka viwikoni, kwa sababu tuliitwa ghafla, mama na mimi tukiwa katikati ya kufinyanga.

Baba yetu, mzee Eliya, alikuwa mtu wa stima tangu stima ya serikali ilipoletwa ziwani vipande vipande ikaunganishwa ufukweni. Alianza kwa kubeba misumari, akaishia kuwa mtia kuni, yule anayekaa chini tumboni mwa stima akiulisha moto. Miaka kumi kabla ya siku hiyo ya Mwaya, wakati wa vita vya kusini, stima ilipokuwa ikivusha askari bila kupumzika, baba alikaa chini siku nne mpaka ngozi ya mikono ikabambuka. Wadachi wakampa nishani ya fedha yenye utepe. Aliivaa kila Jumapili. Mchungaji akamwambia, "Eliya, kanisani hatuingii na vitu vya vita." Baba akajibu, "Kofia nimevua, Bwana Mchungaji. Vyote viwili siwezi."

Ambokile, kaka yetu mkubwa, alimfuata baba kwenye moto ule. Hezroni, wa pili, alifuata mpunga. Maji hakuyaweza. Hata kuvuka mto Kiwira kwa mtumbwi alivuka amefumba macho, na wavushaji walikuwa wakimtania, "Fumbua, tumefika," wakati bado wako katikati. Mimi, Neli, ndiye wa mwisho. Nilisoma misheni miaka minne, nikajua kuandika, nikarudi kwenye udongo wa mama.

Mwezi wa nane mwaka 1914 stima ilikuwa mbali kusini, imepandishwa nchi kavu juu ya magogo itengenezwe. Waingereza wakaja na stima yao wakaipiga mizinga. Wazungu wa kwetu, walivyosema watu, walikuwa hawajapata hata habari kwamba kuna vita. Kipande cha chuma kilimwingia Ambokile tumboni. Alikufa siku ya nne, wakamzika huko huko. Habari tuliletewa na wavuvi wa Kikisi, wajomba zangu, pamoja na mkanda wake. Wazungu waliojua majina ya watu wao walikuwa wameshachukuliwa mateka, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuandika kwenye daftari lolote kwamba Ambokile mwana wa Eliya hayupo.

Sasa, kwetu mtu mzima akifa, matanga hayaanuliwi mpaka mahali pake pakaliwe. Wazee humkalisha mdogo wake, wakampa mkuki wa marehemu, jembe lake, na jina lake. Kuanzia hapo huyo ndiye. Watoto wa marehemu wanamwita baba. Jina lake la zamani linawekwa chini, halitajwi, na kusema mbele za watu kwamba fulani alikufa wakati mtu amekaa mahali pake ni tusi tena ni mkosi. Ni kama kumfukua mtu. Misheni walikataza mjane kurithiwa, tukatii, mke wa Ambokile akarudi kwao na mtoto. Lakini habari ya jina mchungaji hakuuliza, na sisi hatukumwambia. Hezroni akakalishwa, akawa Ambokile. Hapa namwita Hezroni nisije nikawachanganya. Siku zile kinywa changu hakikulitoa jina hilo kabisa.

Mama peke yake alikuwa na njia yake. Mama ni Mkisi, kwao ni kando ya ziwa chini ya milima, kwa wafinyanzi. Tangu matanga hakumwita Hezroni kwa jina lolote. Alimwita "wewe". "Wewe, njoo ule." "Wewe, umefunga mbuzi?" Hakuna aliyemsemesha juu ya hilo.

Basi ikaja ile siku, mwezi wa pili, 1915. Mdachi wa Mwaya, tuliyezoea kumwita Bwana Forodha, aliketi mezani, na pembeni yake Aliko, karani wake, kijana wa Kyela niliyesoma naye misheni. Aliko alisimama akasoma kwenye karatasi iliyokuwa imezunguka miezi na miezi, majina yametolewa kwenye daftari la zamani la stima. Ilisema watu wa stima waliouzima moto ulioshika stima wakati mizinga inalia wamepewa nishani. Akaita, "Ambokile mwana wa Eliya, mtia kuni."

Nikaona macho ya wazee yakienda kwa baba. Baba hakuchelewa. Alimshika Hezroni begani akasema, "Yuko."

"Yuko," wazee wakaitika.

"Yuko," watu wote wakasema. Na mimi nikasema. Nilipiga na vigelegele.

Hezroni aliinuka kwa sababu angefanya nini? Alikwenda mbele kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Bwana Forodha akambandika nishani kwenye nguo. Baba alirudi nyumbani anatembea mbele yetu, na njiani kila aliyesalimia, "Mugonile," alijibiwa kwa shukrani, "Nyumba moja, nishani mbili, ndaga, ndaga." Usiku wa siku hiyo nililala vizuri. Nalitaja hili kwa sababu sikulala vizuri tena.

Siku ya nane askari wawili walifika uani. Stima itatengenezwa kule kusini, wakasema, na moto utawashwa upya. Watia kuni waliobaki wote wanatakiwa. Ambokile mwenye nishani ndiye atakuwa mkubwa wao. Safari ni baada ya siku kumi, kwa mitumbwi.

Hezroni alisubiri wamalize kunywa maji waliyopewa, wakaondoka. Kisha akaniuliza polepole, "Neli, huo moto unakuwaje?"

Tangu saa ile hapakukalika nyumbani. Baba alikwenda ziwani akarudi, akakwenda tena. Upepo wa ziwani ulianza asubuhi, ukatupiga mchanga machoni, na mbali juu ya maji mawingu ya kungu, wale vijidudu wa ziwani, yalisimama kama moshi, hata mara mbili majirani wakapiga yowe kwamba Waingereza wanakuja. Nilikuwa siwezi kumaliza chungu. Nilikikanda kimoja, nikakiacha, nikaenda kuchungulia njia, nikarudi udongo umekauka.

Baba akaamua kumfundisha. Alichukua bonge zima la udongo wa mama bila kuomba, akafinyanga uani tangi la mvuke, kubwa kama mbuzi aliyelala, na mlango wa moto, na vijiti kila mahali pa kufungulia. Watu wakaja kutazama.

"Hiki ni cha nini?" baba akauliza.

"Cha kuingiza maji."

"Cha kutoa mvuke. Cha maji ni kile. Nimekwambia tangu asubuhi."

"Vyote ni vijiti, tata."

Watu wakacheka. Baba naye akacheka kidogo. "Haya. Maji yamepungua ndani, moto unawaka. Unafanya nini?"

"Naongeza maji."

"Unaongeza maji ya baridi kwenye chuma chekundu?"

"Si umesema yamepungua?"

Baba aliacha kucheka. Alikaa akalitazama lile tangi la udongo. "Limepasuka. Umeshaua watu kumi na wawili," akasema, "na wewe mwenyewe wa kumi na tatu. Tuanze tena."

Walianza tena siku tatu. Mama alifinyanga kwa udongo uliobaki, hakusema kitu, ila siku ya tatu aliinuka akalimwagia lile tangi maji, likalainika, akalikanda lote kuwa donge. "Nahitaji udongo wangu," akasema. Hezroni akamsaidia kulibeba.

"Utasema nini huko?" nikamwuliza tulipokuwa wawili.

"Nitakachoambiwa."

"Waambie wewe si mtu wa stima."

"Nilikalishwa, Neli. Hata wewe ulikuwapo. Mtu aliyekalishwa hasimami mwenyewe akasema sikukalishwa. Na nikisema, nani atanisadiki? Wataona ninakimbia vita."

Palikuwa na habari, sijui za kweli, kwamba fundi mmoja alinyongwa kwa sababu mtambo uliharibika mikononi mwake, wakasema amefanya makusudi. Hezroni alikuwa ameisikia kama sisi sote.

Wakati tunahangaika na hilo, maneno ya Anyosisye yakafika Mwaya. Alisimama mwenyewe kwa askari akasema Ambokile mtia kuni amekufa mwaka jana, na huyu ni Hezroni mlima mpunga, mwizi wa nishani ya Kaizari. Kesho yake walimchukua Hezroni shambani kwake, miguu ina matope ya mpunga, wakamfungia kwenye banda la forodha. Shauri Jumatatu.

Nilikwenda Mwaya Jumamosi na vyungu viwili kichwani, nijifanye nauza. Aliko alikuwa kibarazani anachonga kalamu.

"Dada Neli," akasema, "hata vyungu vyenyewe havijachomwa. Nani atanunua?"

Niliviangalia. Ni kweli, vilikuwa vibichi. "Niambie shauri likoje," nikasema.

Akaweka kisu chini. "Liko vibaya pande zote. Akiwa ni Ambokile, anakwenda kusini. Akiwa ni Hezroni aliyejiita Ambokile, ni hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, halafu mnyororo, na upagazi mpaka Mungu ajue. Bwana amekasirika. Anasema amechezewa."

"Hakuchezewa. Tulisema sote yuko, kwa sababu kwetu yuko. Wewe si mtu wa huku? Hukumweleza?"

"Nimemweleza. Anasema karani akianza kuwatetea ndugu zake, anatafuta karani mwingine. Na watu wengi wakisema kitu kimoja, kwake ni kelele za watu." Akainama karibu. "Lakini yupo mtu mmoja anayemheshimu. Baba yako. Bwana akimwona na ile nishani humpa mkono. Mzee akisimama akasema, mtia kuni alikufa, huyu tulimpa jina kwa desturi, mimi ndiye niliyesema yuko, kosa ni langu. Hilo nitaliandika, na Bwana atalitia sahihi. Nishani itarudi. Hezroni atarudi kwenye mpunga."

"Baba naye atapigwa?"

"Mtu mwenye nishani hapigwi. Labda watamnyang'anya ya kwake. Sijui."

"Lazima aseme amekufa?"

"Neno hilo hilo. Asizunguke. Ukizunguka, mkalimani mwingine atalipindua, na hiyo Jumatatu sijui kama nitakuwa mimi."

Nilimshukuru, ndaga, nikarudi nusu natembea nusu nakimbia. Chungu kimoja nilikivunja njiani, sikuokota hata vigae.

Jumapili asubuhi baba hakwenda kanisani. Nilimkuta anapasua kuni, zaidi ya tulizohitaji, kuni ndefu za kipimo cha stima. Nilimweleza yote aliyosema Aliko. Alipasua mpaka nikamaliza.

"Mwanangu mmoja nilimzika bila mwili," akasema. "Nililia mkanda. Unajua kulia mkanda? Kisha akakaa huyu mahali pake, nikaweza kula. Sasa unataka nisimame mbele ya askari nimzike mara ya pili, kwa mdomo wangu?"

"Nataka abaki mmoja, tata."

"Wapo wote wawili."

"Watakuwa hawapo wote wawili."

Akashika shoka asipige. "Unasema kama watu wa misheni. Nikisema alikufa, basi yule anayelala humu ni nani? Mtoto wa Ambokile atamwita nani baba? Jina halitolewi likavaliwa tena kama kofia. Hezroni tulimweka chini. Nikimtoa Ambokile kwake, hana jina hata moja. Nimpeleke wapi mtu asiye na jina?"

Nikasema tu, "Lakini hajui ule moto. Wewe mwenyewe umemhesabia watu kumi na watatu."

Baba alikaa juu ya gogo. Aliangalia mikono yake, ile ngozi yenye mabaka tangu vita vya kusini. Aliinuka akaenda ziwani, na kuni zikabaki zimetawanyika uani, nikazipanga mimi.

Jumatatu watu walijaa Mwaya tangu jua halijapanda. Hezroni alitolewa bandani. Nishani askari walikuwa wameichukua nyumbani wakambandika tena, wakamwambia asiiguse. Anyosisye akaitwa kwanza. Alisema habari yake, na mbele ya meza ilikuwa imepungua. Magoti na kiatu hakuvitaja. Bwana Forodha akamwuliza, kupitia kwa Aliko, kwa nini anamshtaki jirani yake.

"Mwanangu alichukuliwa upagazi," Anyosisye akasema. "Alifia njiani, hapakuja hata kitambaa. Wangu alikufa akabaki amekufa. Kwa nini wa kwao afufuke avishwe fedha?"

Watu hawakumzomea. Nilikuwa nimekwenda nimejaa hasira juu yake, ikanipungua nikiwa nimesimama pale pale.

Bwana akauliza wazee. Mmoja akasema huyu ni Ambokile. Wa pili akasema, "Ni yeye." Wa tatu akakohoa. Nikaona Mdachi anaguguna sharubu, na askari mwenye kiboko amehamisha mguu. Hapo nikatoka mbele. Sikumbuki kwamba niliamua.

"Ambokile mtia kuni alikufa," nikasema. "Mimi ni dada yao. Huyu ni Hezroni. Hakujiita. Tulimwita sisi, sote mnaotuona hapa, hata mimi nilisema yuko."

Nyuma yangu wanawake walivuta pumzi. Mzee mmoja akatema mate chini. Hezroni alifumba macho kama yuko mtumbwini.

Aliko akafasiri maneno yangu. Bwana Forodha alinitazama, akatazama mikono yangu, akasema maneno mafupi.

"Anasema umesema vizuri," Aliko akaniambia, "lakini wewe ni mwanamke na ni dada, ungesema lolote. Anamtaka mzee."

Baba alikuwa amekuja. Sikumwona alipofika. Alipita katikati ya watu, nao wakampisha, amevaa koti lake la stima na nishani yake juu, mama nyuma yake na mikono mikavu, imeoshwa. Bwana Forodha akasimama, akampa mkono. Kisha akaketi, akauliza.

"Bwana anasema, mzee Eliya, wewe ni mtu wa kazi, hutamdanganya," Aliko akasema. "Huyu aliyesimama hapa ni nani? Na mtia kuni wa stima, Ambokile, yuko wapi?"

Baba alisimama wima, mikono ubavuni, kama walivyofundishwa stimani. Alimtazama Hezroni kwanza usoni, kisha kwenye nishani, kisha usoni tena. Aliko alichovya kalamu. Bwana akangoja. Wazee wote wa kwetu walikuwa wanamwangalia baba, na yule aliyetema mate alikuwa anatikisa kichwa polepole.

Nikapiga magoti mchangani kando yake.

"Tata," nikasema, "waambie alikufa. Neno hilo tu."

Midomo yake ilisogea kidogo. Wino ulidondoka kutoka kwenye kalamu ya Aliko, ukatia doa karatasini, naye hakuufuta.

"Tata, waambie."